Nimeambiwa nifundishe kompyuta Gredi ya Pili, na vishikwambi vimefungiwa kabatini

BARUA

Mshauri wetu, salamu kutoka Nyando, kaunti ya Kisumu, Kenya.

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Pili katika shule ya msingi ya umma, upande wa Ahero. Darasa langu lina watoto 58. Wazazi wao wengi ni wakulima wa mpunga, waendesha bodaboda na akina mama wa sokoni. Muhula huu mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia, "Madam, kuanzia sasa wewe ndiwe mwalimu wa kompyuta wa madarasa ya chini." Sababu aliyonipa ni kwamba mimi bado kijana na nina simu nzuri. Kompyuta niliyosoma chuoni ilikuwa ya kuandika barua na kuchapa mtihani, basi.

Shule yetu ina vishikwambi vya ule mradi wa serikali. Viko ndani ya kabati la chuma ofisini kwa mwalimu mkuu na ufunguo anao yeye. Nilipoomba kuviona, tulikuta vingine haviwaki kabisa na kimoja kimevimba mgongo. Mwalimu mkuu anasema alivitilia sahihi alipokabidhiwa shule, kimoja kikipotea au kikivunjika atakilipa yeye. Kwa hivyo akapendekeza nifundishe kwa nadharia. Nikaanza. Nilichora kompyuta ubaoni, watoto wakachora madaftarini, tukataja kiwambo, kibodi na kipanya. Walitulia vizuri. Lakini nilipowauliza kompyuta hutumika kufanya nini, msichana mmoja alisimama akajibu, "Huchorwa, Mwalimu."

Siku moja niliruhusiwa kutoa vishikwambi vitano. Mvulana mmoja ambaye baba yake humwachia simu alishika kimoja na hakukiachilia mpaka kengele ikalia. Wasichana wengi walirudi nyuma wakawa watazamaji. Kesho yake mama mmoja alifika shuleni kulalamika kwamba nawafundisha watoto michezo ya simu badala ya kusoma.

Halafu kuna akademi ya kibinafsi hapo barabarani inayotangaza kwamba watoto wake wa miaka sita wanajifunza usimbaji, yaani kuandika programu za kompyuta. Wazazi wananiuliza wetu wataanza lini. Mwalimu mkuu naye anataka niwapige watoto picha wakiwa wameshika vishikwambi tuziweke Facebook, watu waone kwamba hata sisi tuko mbele.

Nianzie wapi? Niwafundishe nini watoto wa miaka saba, tena wakati mimi mwenyewe si mtaalamu? Na mwisho wa muhula nitawatathmini kwa lipi?

Mwalimu wa Gredi ya Pili, Nyando.

JIBU

Mwalimu,

Jibu la huyo msichana limenifanya nikuandikie kwa kirefu. Amesema alichokiona: kompyuta ni kitu ambacho mwalimu huchora na watoto wakanakili. Ukiendelea hivyo hadi mwisho wa muhula, watoto wote 58 watakuwa na jibu hilo hilo vichwani, ila wengi hawatathubutu kulisema.

Kwa hivyo acha kuchora kompyuta ubaoni. Majina ya sehemu yana kazi yake, lakini yatakuja yenyewe siku mtoto atakapotaka kumwambia mwenzake abonyeze wapi. Na tazama: umewafundisha kipanya, ilhali vishikwambi vilivyomo kabatini havina kipanya. Mtoto anakariri jina la kitu ambacho shule yake haina.

Nikutulize kwanza kuhusu mzigo uliotwikwa. Ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi saba wa msingi katika mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, na katika Gredi ya 1 hadi ya 3 si somo lenye kipindi chake kwenye ratiba. Hufumwa ndani ya masomo unayofundisha tayari: Kiswahili, Hisabati, Mazingira. Hakuna anayekudai watoto watakaotengeneza programu kufikia Desemba. Hata ule mtaala wa usimbaji ulioidhinishwa mwaka 2022 na KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, ambao wazazi wanausikia ukitajwa, unatumia lugha ya Python. Hiyo huandikwa kwa herufi na maneno ya Kiingereza, na nukta moja ikikosewa programu haiendi. Mtoto ambaye bado anachanganya b na d hana haja ya kusukumwa huko. Akademi ya barabarani itangaze inavyotangaza, wewe usiifukuzie.

Kitu ambacho mtoto wa miaka saba anakihitaji ni cha chini zaidi ya hapo, na ndicho msingi wa yote: kutoa maagizo yaliyonyooka, kuyapanga kwa mfuatano, kuyajaribu, na kutafuta kosa liko wapi yanapokwenda kombo. Hayo hayangoji stima. Mwaka 1967 Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, akiwa na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kule Marekani, walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye ikaja na kasa, roboti mdogo na kisha mchoro kwenye kiwambo, aliyekuwa akipokea amri: nenda mbele, geuka kulia. Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye aiamuru kompyuta, si kompyuta imwamuru mtoto. Na mtoto alipokwama, alishauriwa ainuke, ajifanye kasa, atembee hatua zile kwa miguu yake mwenyewe. Umeona? Huyo mtu alikuwa na mashine mkononi, na bado akawainua watoto vitini.

Somo lako la kwanza lifanyie chini ya mti. Chora kwa kijiti ardhini miraba mitano kwa mitano, kila mraba mtoto aweze kusimama ndani. Kata kadi kutoka kwenye maboksi ya dukani na uzichore za aina tatu: songa mbele mraba mmoja, geuka kulia, geuka kushoto. Mtoto mmoja awe roboti, asimame kwenye kona. Weka kitu mraba wa mbali, tuseme kikombe cha uji. Kundi la watoto wanne lipange kadi kwa mstari kabla roboti hajaondoka, kisha mtoto mmoja azisome moja moja na roboti atende kile tu alichosomewa.

Hapo utakutana na mambo mawili, na ni vizuri uyatarajie. La kwanza, watoto wengi wa umri huu bado hawana hakika na kulia na kushoto, hasa roboti akiwa amewaelekea wao. Mfunge roboti uzi kwenye mkono wa kulia na wengine wote nao wafungwe. La pili ni gumu zaidi: wengi wataichukua amri ya "geuka kulia" kuwa ni kwenda upande wa kulia. Roboti atageuka na kupiga hatua papo hapo. Mzuie pale pale. Kugeuka ni kugeuka, miguu inabaki ndani ya mraba ule ule. Kaeni kwenye jambo hilo moja hata kama kipindi kizima kitaisha, kwa kuwa ndipo mtoto anapoanza kuelewa kwamba mashine haikisii unachomaanisha.

Roboti akifika mraba usio wake, usimsahihishe, wala usiguse kadi. Uliza kundi: "Ni kadi gani iliyompoteza?" Warudi kwenye kadi ya kwanza, roboti arudi kwenye kona, watembee upya polepole hadi waione. Utawaona wakibishana wameinama juu ya zile kadi, na mabishano yale ndiyo somo lenyewe. Mtoto anayejifunza mapema kwamba kosa ni kitu cha kutafutwa, na si cha kuchapiwa au kuchekewa, atakuwa amepata zaidi ya yule aliyekariri majina ya sehemu zote.

Wakishazoea, ongeza kadi ya kurudia. Badala ya kupanga "songa mbele" mara nne, wapange moja na juu yake waandike 4. Kama wanacheza ajua, ule mchezo wa bao, huko kwenu, utakuwa umepata mwalimu msaidizi wa bure. Unachota mbegu zote za shimo moja, unaangusha moja kwa kila shimo, unarudia mpaka mkono uwe mtupu. Hiyo ni "rudia mpaka ziishe", na watoto wameitenda kwa mikono yao kabla hujaitaja. Na mambo ya shuleni yana masharti yake: mvua ikinyesha uji unanywewa darasani, isiponyesha unanywewa nje. Waache watunge yao, waseme kwa Kijaluo kama ndicho kinachowajia haraka, kisha kwa Kiswahili.

Usidhani hiki ni kipozauji cha shule isiyo na vifaa. Uingereza ilipoanzisha somo la kompyuta katika mtaala wake Septemba 2014, watoto wa miaka mitano hadi saba walitakiwa waelewe kwamba programu ni maagizo yaliyo wazi na yasiyo na utata, watunge programu rahisi na kusahihisha makosa yake, na waweze kubashiri itafanya nini. Shikilia hilo la kubashiri. Kabla roboti hajaondoka, waulize wote: "Ataishia mraba gani?" Kila mmoja aweke kizibo cha soda pale anapodhani. Mtoto aliyeweka kizibo anafuatilia kila hatua, kwa sababu ana hamu ya kujua kama ametabiri sawa.

Sasa kabati. Simlaumu mwalimu mkuu, na nakuomba nawe usimwendee kwa lawama. Vifaa vile vilitokana na ahadi ya kampeni ya mwaka 2013, vikaanza kugawiwa mwaka 2016, na vilivyosambazwa nchini vilipita milioni moja, katika shule za umma za msingi zaidi ya 20,000. Vilikusudiwa watoto wa darasa la kwanza. Lakini aliyebaki na daftari la sahihi ni mwalimu mkuu, na hofu ya kulipa ikamshinda nguvu. Matokeo yake ni kwamba vinaharibika kwa kutunzwa. Betri ya lithiamu ikiachwa tupu miezi na miezi hushuka mpaka isikubali tena chaji. Mweleze hivyo: kufungia hakuvilindi, kunaviua. Kifaa kinachowekwa kwa muda mrefu kihifadhiwe na chaji ya karibu nusu, na kitolewe kuongezwa mara kwa mara.

Kile kilichovimba mgongo ni jambo la haraka. Betri yake imeharibika ndani na inaweza kushika moto. Kisichajiwe, kisibonyezwe kirudi, kisitobolewe, kisishikwe na mtoto. Kiondolewe kabatini, kiwekwe pakavu mbali na karatasi na mbao, na mwalimu mkuu aripoti kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo aelezwe pa kukipeleka. Hata hii ripoti moja itamfaa yeye mwenyewe, maana itakuwa imeandikwa kwamba kifaa kilikufa kwa betri, hakikupotea.

Vingine vitenge mafungu: vinavyowaka na kushika chaji, vinavyowaka vikiwa kwenye waya tu, na vilivyokufa. Vipe namba kwa utepe. Ukiviwasha angalia tarehe, kwa kuwa kifaa kilicholala muda mrefu hupoteza tarehe, na tarehe ikiwa mbovu intaneti na programu kadhaa hukataa kufunguka ukadhani kimeharibika. Kisha mwombe mwalimu mkuu vifaa sita tu, kipindi kimoja kwa wiki, vikitoka kwa namba na kurudi kwa namba mbele yake kabla ya kengele. Kabla ya kumwomba, mwite kwanza chini ya mti aone roboti akifanya kazi. Mtu aliyeona watoto wakifikiri hutoa ufunguo kwa moyo mwepesi zaidi kuliko aliyesomewa sera.

Vifaa sita kwa watoto 58 vinatosha ukifanya mzunguko: watoto kumi na wawili vifaani, wengine wakiendelea na kadi au kazi ya daftari. Wakae wawili wawili kwa kila kifaa, nao wawe na kazi mbili tofauti. Mmoja hugusa, mwingine husema. Anayesema haruhusiwi kugusa, na anayegusa hafanyi lolote ambalo hajaambiwa. Ukipiga makofi wanabadilishana. Kwa sheria hii yule mvulana wako atalazimika kueleza kwa maneno anayoyafanya kwa kidole, na atagundua ni kazi. Usimpe adhabu kwa kujua. Mpe nafasi ya kusema. Wasichana nao usiwaache wajipange wenyewe. Waanze wao kugusa, wiki kadhaa mfululizo, na wengine wawe msichana na msichana. Mtoto wa kike aliyezoea kutazama akiwa na miaka saba atakuwa bado anatazama akiwa Gredi ya Tisa, na mimi hilo linaniuma.

Wafanye nini humo? Jaribu ScratchJr. Ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts pamoja na MIT kwa watoto wa miaka mitano hadi saba. Amri zake ni vipande vya picha ambavyo mtoto huviunganisha kwa kidole, hivyo hahitaji kujua kusoma, na ikishawekwa kwenye kifaa hufanya kazi bila intaneti. Watoto wako wataitambua mara moja, kwa sababu mishale ile ni ndugu wa kadi zenu za boksi. Jaribu kuiweka kwenye kifaa kimoja kwanza. Vya zamani huenda vikaikataa, na vikikataa usihangaike.

Kamera na kinasa sauti vipo hata kwenye kifaa kikongwe, na mimi kwa kweli navipenda kuliko programu nyingi za watoto. Panda maharagwe kwenye makopo dirishani. Watoto wapige picha kila asubuhi ya kipindi, kisha mwishoni wazipange kwa mfuatano bila kuangalia tarehe, waeleze kwa nini hii imetangulia ile. Hapo una Mazingira, Kiswahili na mfuatano kwa pamoja. Kinasa sauti kitumie kwa kusoma. Mtoto asome aya yake, ajisikilize, mwenyewe aseme amekwama wapi, arekodi tena. Wapo watoto ambao hawajawahi kusikia sauti zao. Mtazame usoni anayejisikia kwa mara ya kwanza.

Hilo ndilo utakalomwonyesha yule mama aliyelalamika. Usimwambie kwamba teknolojia ni muhimu. Hilo amelisikia redioni. Msikilizishe rekodi mbili za mtoto wake, ya mwanzo wa mwezi na ya mwisho. Na siku ya wazazi, waacheni watoto waongoze baba na mama zao kwenye miraba kwa kadi.

Kuhusu picha za Facebook, hapa nakuomba usimame imara, kwa heshima lakini imara. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ya uso wake ni data. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mtajie mwalimu mkuu kiasi hicho na hutahitaji kubishana. Kama anataka picha, ipo njia: piga miraba, kadi na mikono inayozipanga, bila nyuso, bila majina, bila sare inayoitambulisha shule. Hata hizo za mikono, usiziweke kabla wazazi hawajaarifiwa.

Watoto wenyewe wafundishe usiri kwa kitu wanachokijua. Waulize nani anaijua PIN ya M-Pesa ya mama. Usiwaruhusu waitaje, wainue mikono tu. Mikono itakuwa mingi kuliko unavyodhani. Anzia hapo: namba ya siri haitajwi kwa mtu, hata rafiki, hata anayepiga simu akisema ni wa kampuni. Jina la shule na mahali unapokaa haviambiwi mtu usiyemjua kwenye simu. Ukiona picha au ujumbe unaokutia hofu, geuza simu uso chini, mwite mtu mzima. Waigize, mmoja akipiga na mwingine akikataa. Waambie pia kwamba 116 ni namba ya bure ya kuwasaidia watoto nchini, waiseme mpaka iwatoke yenyewe.

Wewe mwenyewe huhitaji kuwa mtaalamu. Unahitaji kuwa umecheza somo la Alhamisi nyumbani Jumatano jioni. KICD ina masomo ya bure kwenye Kenya Education Cloud. Yapitie kwa simu yako hiyo nzuri ukipata mtandao, uchague machache. Na mtoto akikuonyesha kitufe usichokijua, mwambie akufundishe mbele ya wenzake.

Tathmini iwe fupi na ya macho. Usitunge mtihani wa karatasi wa kutaja sehemu za kompyuta, hata ukiombwa. Kwa kila mtoto andika mambo matatu: anaweza kupanga amri nne zikamfikisha roboti anapotakiwa? Anaweza kubashiri kabla ya kujaribu? Likitokea kosa, analitafuta au anasubiri aambiwe? Ngazi nne za mtaala, kuanzia kuzidi matarajio hadi chini ya matarajio, zitajazwa kutokana na hayo. Watoto watano au sita kwa kipindi watatosha. Ukianza kuandika wiki ya tatu, utakuwa umewapitia wote 58 kabla ya kufunga, na la tatu uliandike kwa uangalifu kuliko mengine, kwa kuwa ndilo mwalimu wa Gredi ya Tatu atakalotaka kulijua.